Mwaka na miezi nane kwenye tanuri, halafu unaambiwa "wewe ni deiwaka"

"Shikamoo kaka. Nina miaka 24, niko Tanga, nafanya kazi kwenye bekari moja huku Makorora mwaka sasa na miezi nane. Tuko tisa. Naingia saa 3 usiku natoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, napewa 9,000 kwa usiku, tunalipwa kwa simu kila Ijumaa. Mkataba hakuna mwenye nao. Mwenye bekari anaitana dada na mama yangu, mimi namuita mama mkubwa, ndo alinichukua nilipomaliza shule. Shida ni makato. Wiki iliyopita trei ziliungua akanikata 15,000, halafu 12,000 nyingine ya mikate iliyorudi toka madukani, nikapata 27,000 badala ya 54,000. Tanuri lenyewe upande mmoja linawaka kuliko mwingine, tumeshamwambia. Nilipouliza akasema mimi ni deiwaka, sijasaini popote, nikitaka mambo ya sheria nikaajiriwe serikalini. Mkono niliungua mwezi uliopita ila hilo nimelizoea. Je naweza kudai wakati sina mkataba? Na nikidai si ndo nimefukuzwa? Mama ameshaniambia nisimuaibishe dada yake."

Marahaba mdogo wangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, na nikuambie ukweli, hii naipata karibu kila mwezi, ikibadilika ni biashara tu, mara duka la vifaa vya ujenzi, mara mgahawa, mara saluni, mara mtu anashona kwenye karakana ya cherehani sita. Maneno ya bosi hayabadiliki kabisa, utadhani wamekaa kikao. "Hujasaini popote."

Naona unauliza mambo mawili lakini ndani yake yako matatu, na la tatu ndo zito kuliko yote, hilo la mama. Nitalifikia. Kwanza tuondoe hili la mkataba maana ndo fimbo unayochapwa nayo.

Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Deiwaka wa kweli ndo huyo. Ni yule anayeshika daladala siku moja kwa sababu dereva mwenyewe anaumwa, jioni anapewa chake, kesho hajulikani yuko wapi. Wewe umekuja ukakaa mwaka na miezi nane, kila usiku, mlango ule ule, tanuri lile lile, na usipotokea saa 3 simu yako inaita. Kulipwa kwa hesabu ya siku ni namna ya kuhesabu mshahara tu, haikufanyi uwe mpita njia.

Na hili sio maoni yangu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inaorodhesha dalili za mtu aliyeajiriwa, na inasema ikionekana hata moja tu basi unachukuliwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dalili zenyewe ni kama mtu mwingine ndo anakuelekeza kazi ifanywe vipi, anakupangia saa, wewe ni sehemu ya ile biashara, vifaa ni vya kwake, unamtegemea yeye kwa riziki, humfanyii kazi mtu mwingine, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Saa 45 kwa mwezi, mdogo wangu. Wewe unafikisha hizo kabla wiki haijaisha! Hapo hata ubishi haupo.

Sasa kuhusu karatasi. Watu wengi, na mabosi ndo wa kwanza, wanadhani karatasi ni kazi ya mfanyakazi kuitafuta, kwamba kama huna basi umezembea mwenyewe. Ni kinyume kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inamtaka mwajiri akuandikie maelezo ya kazi siku unapoanza: kazi yenyewe ni ipi, umeanza lini, unafanyia wapi, saa ngapi mpaka saa ngapi, unalipwa kiasi gani na kinahesabiwaje. Na ikitokea mmefika mbele ya mwamuzi, yeye akashindwa kuleta hayo maandishi, basi mzigo wa kuthibitisha au kukanusha unachodai unakuwa wa kwake. Yaani ukisema mimi nalipwa 9,000 kwa usiku na naingia saa 3, yeye ndo alete ushahidi kwamba sio hivyo. Kwa hiyo ile "hujasaini popote" anayoitumia kama ngao, siku ya siku itamgeukia yeye.

Ila usije ukaenda mikono mitupu eti kwa sababu mzigo ni wa kwake. Wazee wetu waliokata mkonge huko Muheza na Korogwe enzi za mkoloni walikuwa na kitu kinaitwa kipande, kadi ya siku 30, ukimaliza kazi ya siku inawekwa alama, usipoimaliza hamna alama wala hela. Kilikuwa kitu cha kumkamua mtu, sikisifii, lakini angalau mzee alikuwa na kitu mkononi kinachosema nilikuwepo. Wewe wa leo hata hicho huna, basi kitengeneze mwenyewe. Nunua daftari, andika kila usiku umeingia saa ngapi umetoka saa ngapi, umelipwa ngapi, umekatwa ngapi na umeambiwa ni kwa ajili ya nini, anza leo hii hii usisubiri tarehe moja. Kwa bahati mnalipwa kwa simu, kwa hiyo tayari una miezi ya ushahidi, meseji za malipo usizifute, piga skrini shoti uzitume kwa mtu unayemuamini maana simu inaweza kuibiwa hata kesho. Na zile sauti za wasapu za "leo wahi kuna oda ya harusi", zitunze hizo, ni dhahabu.

Tuje kwenye makato, hapa nitakaa kidogo.

Kuna watu watakuambia bosi haruhusiwi kukukata hata senti. Sio kweli, usiende kubishana hivyo utaonekana hujui. Anaruhusiwa, ila njia aliyowekewa ni nyembamba. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira kinasema akitaka kufidia hasara kutoka kwenye mshahara wako, hasara iwe imetokea ukiwa kazini na iwe imesababishwa na kosa lako wewe. Akuandikie kwa maandishi chanzo cha hasara, ni shilingi ngapi na amezihesabuje. Akupe nafasi ya kweli ya kupinga. Kiasi kisizidi hasara yenyewe ilivyo. Na jumla ya makato ya namna hiyo isizidi robo ya ujira wako wa fedha.

Haya, chukua wiki yako uipitishe humo. Robo ya 54,000 ni 13,500. Amekukata 27,000, nusu nzima. Hata kama makosa yote yangekuwa yako na ungekuwa umekiri, bado amevuka mara mbili.

Halafu tazama hiyo mikate iliyorudi. Kosa lako liko wapi? Mkate umetoka mzima, ukaenda dukani, haukununuliwa, labda mvua ilinyesha, labda bekari nyingine imeshusha bei. Hiyo ni hasara ya biashara. Mwenye biashara ndo anakula faida siku boflo zinaisha saa 2 asubuhi, sijawahi kusikia siku hiyo amekuita akakuongezea, kwa hiyo siku zinarudi nazo ni zake. Ile 12,000 haina mguu wa kusimamia hata mmoja.

Zilizoungua ni suala tofauti kidogo na hapa nitakuwa mkweli. Kama ulilala, au ulikuwa kwenye simu ukasahau trei, hilo ni kosa lako na mama mkubwa ana haki ya kukuuliza. Lakini unasema tanuri linawaka upande mmoja na mlishamwambia. Kama ni hivyo basi chanzo ni tanuri, na kumwambia mlimwambia, tatizo mlimwambia kwa mdomo. Mtumieni meseji, ya adabu tu, "mama mkubwa shikamoo, tunakukumbusha lile tanuri upande wa kulia bado linaunguza, leo limeunguza trei mbili". Hiyo meseji ikishakuwepo, makato yajayo yatakuwa na kazi ngumu sana ya kujieleza. Na lingine, muulize amehesabuje 15,000. Kama amepiga bei ya dukani, hiyo ina faida ndani yake, na yeye alichopoteza ni unga, hamira, sukari, mafuta na moto. Sheria inasema hasara halisi.

Kuna mtego mmoja. Mabosi wengine wakishasikia hili wanaandaa karatasi, "mimi fulani nakubali kukatwa hasara yoyote itakayotokea", mnasainishwa wote tisa usiku mmoja unga ukiwa unasubiri. Msisaini kitu cha hivyo. Kukubali kwa maandishi ni kwa deni linalojulikana, sio hundi tupu.

Wakati tuko kwenye hesabu, hukuuliza hili lakini siwezi kuliacha. Saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni saa 9, mara sita ni saa 54 kwa wiki. Kikomo cha saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu. Pia kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa ajili ya usiku, na kama saa yenyewe ni ya ovataimu basi hiyo asilimia inapigwa kwenye bei ya ovataimu. 9,000 kwa saa 9 ni 1,000 kwa saa. Ovataimu zako 9 zingekuwa 1,500 kila moja, tofauti ni 4,500. Usiku, 50 mara 45 ni 2,250, na 75 mara 9 ni 675. Jumla kama 7,425 kwa wiki hujawahi kuziona, kabla hatujagusa makato. Atasema kuna saa moja ya mapumziko, na kweli sheria inataka upate dakika 60 ukishafanya kazi saa tano mfululizo na hiyo saa sio lazima ilipwe, lakini kama unakula huku jicho liko kwenye tanuri kwa sababu haliachiki, hiyo ni kazi na inalipwa.

Likizo pia. Mwajiriwa ana siku 28 za likizo ya malipo kwa mwaka. Umewahi kwenda? Nadhani jibu nalijua. Na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwako haitakiwi kukatwa zaidi ya 10 na inayobaki ni ya mwajiri, nenda pale ofisini kwao uulize kama jina lako lipo, ni swali la dakika tano na halihitaji ruhusa ya mama mkubwa. Kima cha chini cha mshahara kinakwenda kwa sekta, na amri mpya ya mishahara imeanza 1 Januari 2026, kwa hiyo usitumie viwango vya zamani utakavyokuta kwenye magrupu, vingi bado ni vile vya 2022, kaangalie cha sekta yako kwa afisa kazi.

Sasa, "nikidai si ndo nimefukuzwa?"

Anaweza kukufukuza, mdomo ni wake. Swali ni kama ataweza kuutetea uamuzi huo. Ukishapita miezi sita kwa mwajiri mmoja unalindwa dhidi ya kuachishwa bila sababu ya msingi na bila utaratibu, na kudai haki yako ya kisheria haijawahi kuwa sababu ya msingi. Ila hapa kuna saa inayokimbia na watu wengi ndo wanapoumia. Ukiachishwa una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo tunayoiita CMA. Migogoro mingine, kama hayo makato, ni siku 60 tangu ulipotokea. Nimeona watu wanazungushwa "njoo wiki ijayo tuongee", "subiri Ramadhani iishe", mpaka siku zinapita, halafu unaanza kuomba kuongezewa muda na hapo lazima uwe na sababu inayoeleweka, na "tuliambiwa tusubiri" mara nyingi haitoshi. Kwa hiyo makato ya wiki iliyopita yako ndani ya muda, ya mwaka jana nitakudanganya nikikuambia ni rahisi.

CMA hulipii kufungua shauri na sio lazima uwe na wakili. Unajaza fomu namba moja, mwajiri anapata nakala, mnaitwa kwanza kwenye usuluhishi, mnakaa na msuluhishi mnaongea, na migogoro mingi ya namna yako inaishia hapo hapo, wala haifiki kwenye uamuzi. Ofisi ipo hapa hapa mjini, huna haja ya kwenda Dar.

Lakini kabla hujafika huko. Bekari ya watu tisa sio kiwanda cha saruji. Inawezekana kabisa mama mkubwa naye anadaiwa unga, umeme umepanda, madukani wanachukua kwa mkopo na hawalipi. Sheria haimsamehi kwa sababu ni mdogo, hilo aelewe, ila wewe ukijua hali yake unajua uombe nini kwanza. Ningekuwa mimi nisingeanza na madai ya miezi ishirini yote kwa siku moja, ningeanza na mawili: makato ya mikate iliyorudi yakome kuanzia wiki hii, na kila mmoja apewe karatasi inayosema kazi yake, saa zake na malipo yake. Hayo hayamuui. Ovataimu na likizo mnaweza kupangiana taratibu, hata kwa zamu, mmoja mmoja, mradi iandikwe. Wenzangu wengine wanaofanya kazi hii ya kushauri watu watanipinga, watasema unamlea bosi. Labda. Mimi nimeona ndugu wakishindana kwa mwezi mmoja wakavunjika kwa miaka kumi.

Na usiende peke yako. Mko tisa, nendeni hata wanne, asubuhi mkishamaliza, sio katikati ya kazi. Nani atangulie kuongea? Sio wewe. Chagueni mkubwa kati yenu, ambaye sio ndugu. Wewe ukitangulia litakuwa jambo la ukoo, "mtoto wa fulani hana shukrani", mwenzako akitangulia linabaki kuwa jambo la kazi.

Hapo ndo tunafika kwa mama yako. Ukimwambia "nataka kudai" anasikia "nataka kumshitaki dada yako", na kwa malezi yetu ya pwani hilo ni zito, sikulaumu kwa kusita wala yeye simlaumu. Mueleze kwa daftari. Mkalishe chini umuonyeshe wiki ile, 54,000, ikawa 27,000, umtajie nauli na hela ya kula umuulize imebaki ngapi ya kumpa yeye nyumbani. Kisha muombe yeye ndo aende, au amtume mjomba, mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili, akaongee kabla wewe hujafika ofisi yoyote. Kwa njia hiyo hujamuaibisha mtu, umempa dada yake nafasi ya kurekebisha kwa siri. Mpe wiki mbili, sio zaidi, na wewe kichwani unahesabu zile 60.

Kama zitapita na hakuna kitu, au ukiambiwa kesho usije, nenda kwa afisa kazi wa mkoa au CMA, au mtafute msaidizi wa kisheria akusaidie kujaza fomu, nenda na daftari na simu. Hapo majibu yangu ya kusoma hayatoshi tena, unahitaji mtu anayeziona karatasi zako kwa macho, maana neno moja kwenye fomu, kama tarehe mgogoro ulipoanza, linaweza kuharibu kila kitu. Usisuse kazi kwa hasira, ukikosekana zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu unamkabidhi sababu aliyokuwa hana. Usisaini barua ya kuacha kazi uliyoandikiwa na mtu mwingine. Na ukiachishwa kweli, usiondoke na mshahara wa wiki tu, kuna malipo ya notisi, likizo ambayo hukwenda, kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwako ni mwaka mmoja yaani 63,000, na hati ya utumishi. Kiinua mgongo kina masharti yake, mengine yote mdai.

La mwisho ni hilo ulilosema umelizoea. Kuungua kazini kuna mfuko wake, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mchango wake analipa mwajiri peke yake, wewe hukatwi kitu. Matibabu ya kuumia kazini hayatoki mfukoni mwako. Ulitibiwa wapi? Kama ni zahanati ile kadi bado ipo, itafute, na kama ulipakwa tu dawa ya meno na asali pale pale bekari kama wengi wanavyofanya, basi nenda leo daktari aone huo mkono aandike. Upige picha pia kabla kovu halijafifia.